MUFALME WA KWANZA NA WATU WASIOMUTAKA



Masomo yetu ni mawili. La kwanza ni Waamuzi sura ya 9. La pili ni 1 Samweli, kuanzia sura ya 8 mpaka sura ya 12. Najua ni marefu. Mutu asiyekuwa na Biblia amuombe jirani yake wasome pamoja jioni, kwa sababu leo hatutashika mustari mumoja na kukimbia nao. Tutatembea polepole.

Jambo lenyewe ni hili: taifa lililokuwa halijapata kuwa na mukubwa wake linamuchagua mara ya kwanza. Watu wanafikiri shida yote iko siku ile ya kuchagua: nani atapita, nani ataanguka. Lakini tukisoma vizuri tunaona kwamba siku ya kuchagua ni fupi. Shida inaamuka kesho yake asubuhi, mutu anapotoka katika lupango yake na kukutana njiani na jirani aliyechagua mwingine.

Tuanze na Shekemu. Wengi wanasema Sauli ndiye mutu wa kwanza kufanywa mufalme katika Israeli. Si yeye. Mbele yake alikuwa Abimeleki. Baba yake Gideoni aliombwa na watu awatawale, yeye na mwana wake na mujukuu wake, naye akakataa. Gideoni alipokufa aliacha wana 70 wa nyumba yake, tena na huyu Abimeleki, ambaye mama yake alikuwa mwanamuke wa Shekemu. Sasa angalieni propaganda yake. Alikwenda kwa wajomba zake, akawaambia waulize watu wa muji maneno mawili. La kwanza: ni heri kutawaliwa na watu 70 ao na mutu mumoja? La pili: mukumbuke kwamba mimi ni mufupa wenu na nyama yenu. Hakusema atachimba visima. Hakusema atahukumu wajane kwa haki. Alisema: mimi ni wa kwenu. Na maneno yale yakatosha! Mioyo ya watu ikamufuata kwa sababu ni ndugu yao.

Tena alipata feza. Walimutolea vipande 70 vya feza kutoka nyumba ya mungu wao Baali-Beriti. Musikie vizuri, ninyi wenye kushika sanduku la sadaka: feza ya propaganda ya kwanza katika Biblia ilitoka katika nyumba ya ibada. Naye aliifanyia nini? Alilipa vijana wasiokuwa na kazi, watu ovyo, wakamufuata mpaka Ofra, wakaua ndugu zake juu ya jiwe moja. Vipande 70, ndugu 70. Kila mutu kipande kimoja. Ni bei ndogo sana.

Mudogo wao Yotamu alijificha akapona. Alipanda juu ya mulima Gerizimu akawapigia watu mufano wa miti iliyotafuta mufalme. Munaujua: muzeituni ulikataa kuacha mafuta yake, mutini ukakataa kuacha utamu wake, muzabibu ukakataa kuacha divai yake, basi miti ikaenda kwa muti wa miiba, nao ukakubali mara moja. Wahubiri wengi wanapiga muzeituni kwa ajili ya kukataa. Wanasema: ona, watu wazuri wakikataa kazi ya Serikali, wabaya wanaingia. Ni kweli kwa upande mumoja. Lakini mimi naona Yotamu hakupanda mulima kwa ajili ya kulaumu muzeituni. Aliwalaumu watu waliokaa katika kivuli cha miiba. Muti wa miiba uliwaambia waje kukimbilia kivuli chake. Nani kati yenu amepata kulala muchana chini ya muti wa miiba? Kivuli chake ni cha nini? Ahadi ile ilikuwa uongo tangu mwanzo, na kila mutu aliyekuwa na macho aliweza kuiona, lakini walikuwa wakiangalia mufupa na nyama.

Abimeleki alitawala miaka mitatu. Akapigana na watu wa Shekemu wenyewe, wale wajomba, akawachoma moto katika mnara wao. Kiisha, pale Tebezi, mwanamuke mumoja akaangusha jiwe la kusagia juu ya kichwa chake. Jina la mwanamuke yule halikuandikwa. Hakuna aliyemuuliza mawazo yake siku ya kumufanya Abimeleki mufalme.

Nimesema hivi kwa sababu ya mambo yetu wenyewe. Vijana wengi wanajua Uhuru kwa nyimbo, lakini hawajui ginsi mukubwa wa kwanza wa inchi hii alivyochaguliwa. Tuwaambie.

Katika mwezi wa 5 wa mwaka 1960 watu wa Kongo walichagua wabunge wao. Walioitwa kupiga kura ni wanaume. Wamama hawakuitwa, wao walipata haki ile nyuma, kwa katiba ya mwaka 1967. Basi wamama mulio wazee leo, munaweza kuwaambia wajukuu wenu kwamba Uhuru ulikuja, lakini kura ya mama zenu haikuwa ndani ya sanduku.

Wala prezida hakuchaguliwa na watu wote. Sheria ya Wabelgiji iliyoitwa Sheria ya Musingi, ya tarehe 19 mwezi wa 5 mwaka 1960, ilisema Mukubwa wa Inchi atachaguliwa na nyumba mbili za Bunge zikikaa pamoja. Nyumba ya Wabunge ilikuwa na viti 137. Senati ilikuwa na viti 84. Chama cha Patrice Lumumba kilipita vingine vyote, lakini chenyewe kilipata viti 33 tu juu ya 137. Chama cha Abako cha Joseph Kasa-Vubu kilipata 12. Hakuna chama hata kimoja kilichoweza kutawala peke yake. Ilipashwa kuzungumuza, na walizungumuza.

Tarehe 24 mwezi wa 6 kura ikapigwa. Kasa-Vubu alipata kura 159. Jean Bolikango alipata 43. Mutu wa chama chenye viti 12 akapata kura 159! Ni kwa sababu watu wa Lumumba walimupa kura zao. Na siku zile zile Nyumba ya Wabunge ilikubali serikali ya Lumumba kwa kura 74, juu ya wabunge 137. Basi mumoja akawa Prezida, mwingine akawa Waziri wa kwanza. Hawakuwa wa kabila moja, hawakuwa wa chama kimoja, hawakuwa na mawazo mamoja juu ya inchi: mumoja alitaka majimbo yawe na nguvu, mwingine alitaka inchi iwe moja yenye nguvu katikati. Lakini walikaa kitini pamoja. Mutu akisema mababa zetu hawakujua kupatana, anawasingizia. Siku ile walipatana.

Tarehe 30 mwezi wa 6, Uhuru. Tarehe 5 mwezi wa 7, maaskari wakaasi. Tarehe 11, Katanga ikatangaza kwamba imejitenga. Tarehe 5 mwezi wa 9 Kasa-Vubu akasema kwa radio kwamba anamuondoa Lumumba. Mawaziri wawili, Bomboko na Delvaux, wakatia mukono. Usiku ule ule Lumumba akasema kwa radio ile ile kwamba Kasa-Vubu si Mukubwa wa Inchi tena. Hesabuni siku: tangu Uhuru mpaka usiku ule ni siku 67. Watoto waliozaliwa siku ya Uhuru walikuwa hawajaanza kuketi.

Kila mumoja alikuwa na sheria mukononi. Kasa-Vubu alishika artikle ya 22, iliyosema Mukubwa wa Inchi anaweka na kuondoa Waziri wa kwanza. Lumumba alisema Waziri wa kwanza anajibu mbele ya Bunge, na Bunge halijamukataa. Walikuwa kama wahubiri wawili wanaopigana kwa mustari mumoja mumoja na kuacha sura nzima. Nyumba ya Wabunge ilijaribu kuwapatanisha ikavunja maneno ya wote wawili, lakini hawakusikia. Tarehe 14 kolonele Mobutu akasema wote wawili wanyamaze. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961, Lumumba, pamoja na Mpolo na Okito, aliuawa hapa Katanga. Naye Kasa-Vubu aliondolewa tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 1965, na yule yule aliyewanyamazisha wote mwaka 1960, akafa Boma mwaka 1969.

Sitasema hapa nani alikuwa na haki. Kila nyumba ina hukumu yake, na katika kanisa letu watoto wa pande zote wanakula meza moja ya Bwana. Nataka muone jambo moja tu: kura yenyewe haikuharibika. Ile hesabu ya 159 na 43 hakuna aliyeikataa. Kilichoharibika ni kukaa pamoja nyuma ya kura.

Sasa turudi kwa Sauli, na hapa ndipo nataka tukae muda murefu.

Munajua ginsi ilivyoanza. Samweli alikuwa muzee. Wana wake Yoeli na Abiya walikuwa waamuzi kule Beer-Sheba, walikula rushwa na kupotosha hukumu. Watu wakaja kwa Samweli wakaomba mufalme. Tunazoea kusema walikosa, na kweli Mungu alisema wamemukataa yeye. Lakini ile habari ya rushwa ilikuwa kweli! Hawakuwasingizia watoto wa nabii. Nabii mukubwa kama Samweli, ambaye maneno yake hayakuanguka chini, watoto wake waliuza haki. Sisi wa makanisa ya kinabii tusipite mustari ule mbio mbio. Pahali watoto wa nyumba ya Mungu wanapokula rushwa, watu watakwenda kutafuta mutawala mwingine, na hatutakuwa na kinywa cha kuwalaumu.

Samweli akawaambia bei: mufalme atachukua vijana wenu kwa magari yake ya vita, binti zenu kwa jiko lake, mashamba yenu mazuri kwa watumishi wake, moja ya kumi ya mavuno yenu. Wakasema: tunamutaka tu. Naye Mungu akasema wapewe. Kiisha kura zikapigwa pale Mispa. Lugha yetu inatusaidia hapa, kwa sababu neno ni lile lile: kura. Kura ikashika kabila la Benyamini, ikashika jamaa ya Matri, ikashika Sauli mwana wa Kishi. Wakamutafuta, hayuko! Alikuwa amejificha katikati ya mizigo. Siku hizi wagombea wanaojificha katikati ya mizigo ni wachache sana.

Ni mambo matatu yaliyofuata pale, nami naomba muyaandike.

Samweli aliandika desturi ya ufalme katika kitabu, akakiweka mbele ya Bwana. Mufalme hakupewa kiti bila kitabu. Na angalieni, kitabu hakikuwekwa katika nyumba ya mufalme. Kiliwekwa pahali watu wote wanapokuja kuabudu, kusudi siku mufalme akisema kitu kisichoandikwa, aonekane. Sheria yetu ya mwaka 1960 iliandikwa Ubelgiji, kwa lugha ambazo watu wengi wa vijiji hawakusoma. Wangapi kati ya waliofurahi tarehe 30 walijua kwamba ndani ya sheria ile midomo miwili imepewa sauti moja?

Kiisha, siku ile ile, watu fulani walimuzarau. Walisema: mutu huyu atatuokoaje? Hawakumuletea zawadi. Biblia inasema Sauli akakaa kama mutu asiyesikia. Alikuwa na nguvu ya kuwajibu, kwa sababu mashujaa ambao Mungu aligusa mioyo yao walikuwa pamoja naye. Akanyamaza. Akarudi nyumbani Gibea, na sura ya 11 inatuonyesha akitoka shamba nyuma ya ngombe zake. Mufalme anafuata ngombe!

Halafu Nahasi Muamoni akaja juu ya Yabesi-Gileadi, akitaka kutoboa jicho la kuume la kila mutu. Sauli akakusanya watu wote, akawashinda Waamoni mbele ya saa sita za muchana. Na sasa wapendwa, sikilizeni. Furaha ikiwa kubwa, watu wakamuendea Samweli wakasema: wako wapi wale waliosema Sauli asitutawale? Waletwe tuwaue.

Ni watu gani walisema vile? Si Sauli. Ni wapenzi wa Sauli. Ni wale waliomuchagua. Siku zote ni hivi. Mukubwa mwenyewe pengine amelala usingizi, lakini wapenzi wake hawalali. Wanashika majina ya wale waliosema hapana, wanajua nyumba zao. Naye Sauli akajibu kwamba hapana mutu hata mumoja atakayeuawa siku ile, kwa sababu Bwana ameleta wokovu katika Israeli. Nyuma ya neno lile wakakwenda wote Gilgali, wakautengeneza ufalme upya, na watu wote wakafurahi sana. Mispa kulikuwa na kura, lakini furaha ya watu wote haikuandikwa Mispa. Iliandikwa Gilgali, nyuma ya wale wasiomutaka kuachwa wazima.

Ninyi wa Likasi na Kolwezi munajua kwa nini nasimama hapa. Tarehe 15 mwezi wa 8 mwaka 1992, Mukutano Mukuu wa Taifa kule Kinshasa ulimuchagua Étienne Tshisekedi kuwa Waziri wa kwanza. Aliyekuwa katika kiti kile, Nguz a Karl-i-Bond, alikuwa mutoto wa Katanga, na jimbo lilikuwa mukononi mwa wenzake. Hapa watu wakapiga kelele za furaha, pale wengine wakaudhika. Na kilichofuata, kati ya mwaka ule na mwaka 1993, hakikutokea katika Mukutano wa Kinshasa. Kilitokea katika mitaa yetu. Watu wenye asili ya Kasai, wengine waliozaliwa hapa na kuzaa hapa, wengine ambao babu zao waliletwa na Wabelgiji kwa kazi ya migodi na ya njia ya treni, wakafukuzwa katika nyumba na katika kazi. Walilala kwenye stasyo ya Likasi miezi na miezi kungojea treni, na watoto wao wakafa kwa magonjwa pale pale juu ya zege. Kati yao walikuwa waimbaji wa koro. Kati ya waliosimama kando ya njia kutazama walikuwa waimbaji wa koro ile ile.

Wale wa stasyo hawakupiga kura yoyote katika Mukutano ule. Waliadhibiwa kwa mufupa na nyama. Ile ni lugha ya Shekemu. Na neno la Sauli halikusemwa na mutu mwenye nguvu ya kulisema, ao kama lilisemwa lilisemwa kwa sauti ndogo.

Nisiseme Sauli alibaki vile. Msomaji mwaminifu atafika sura ya 22. Pale, mutu huyu huyu aliyekataa wazarau wake wasiuawe, aliamuru makuhani 85 wa Nobi wauawe kwa sababu kuhani mumoja alimupa Daudi mukate. Ndani ya kiti kile ile roho ya kunyamaza ilimutoka. Ndiyo maana kitabu kinawekwa mbele ya Bwana, na ndiyo maana mutu mumoja asikae mpaka asahau njia ya shamba.

Inchi yetu ilijua vilevile uchaguzi mwingine. Mwaka 1970 watu wote, wanaume na wanawake, waliitwa mara ya kwanza kuchagua prezida wao wenyewe. Mugombea alikuwa mumoja: Mobutu. Rangi ya kijani ilikuwa ya ndiyo, nyekundu ilikuwa ya hapana. Serikali ilihesabu ndiyo zaidi ya milioni kumi, na hapana 157. Mia moja hamusini na saba katika inchi nzima! Watu wanacheka hesabu ile. Mimi sicheki sana. Nafikiri juu ya wale 157, kama kweli walikuwako. Eliya alisema amebaki peke yake, na Mungu akamuambia kuna 7000 wasiopiga magoti. Pahali ambapo hapana mutu anayeweza kusema hapana, ile ndiyo yake haina uzito hata kwa yule anayeipokea. Daudi alijua: alitawala Yuda peke yake kule Hebroni miaka saba na miezi sita, mpaka wazee wa makabila mengine walipokuja kwa mapenzi yao wenyewe.

Tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 2006 karatasi ilikuwa na wagombea 33. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 25. Wengi wenu mulisimama pale tangu usiku, na wamama walikuwa mbele katika mustari. Antoine Gizenga, aliyekuwa makamu wa Lumumba mwaka 1960, alikuwa kati ya wale 33, akawa wa tatu. Matokeo yalipotangazwa katika mwezi wa 8, bunduki zililia Kinshasa siku tatu kati ya walinzi wa Joseph Kabila na walinzi wa Jean-Pierre Bemba, wale wawili waliobaki kwa duru ya pili. Ni ile ile: kesho yake. Na ilipashwa kungoja mpaka mwezi wa 1 mwaka 2019 kusudi watu waone kwa macho yao prezida mumoja akimupa mwingine kiti akiwa muzima. Na juu ya hesabu ya kura ile watu wanashindana mpaka leo.

Sasa neno kwa ninyi wenye karama ya unabii. Ni neno gumu, nami nalisema kwa heshima.

Kila wakati wa kura magari yenye vioo vyeusi yanatafuta nyumba za manabii. Mugombea anakuja usiku, anapiga magoti, anaomba maono. Anaacha mifuko ya unga, anaacha vitenge vyenye picha yake, anaacha bahasha. Nyuma ya siku mbili tunasikia: Roho amesema, jina ni fulani. Na kwa nabii wa pili, Roho amesema jina lingine. Je, Roho amegawanyika?

Someni 1 Wafalme 22. Ahabu alikuwa na manabii 400, wote walisema kinywa kimoja: panda, utashinda. Walikula meza ya mufalme. Mikaya mwana wa Imla alikuwa mumoja, na mutumishi aliyetumwa kumuita alimushauri njiani aseme kama wengine. Mikaya alipigwa kofi, akatiwa gerezani kwa mukate kidogo na maji kidogo. Ahabu akaenda, akafa katika gari lake. Nataka muone chakula: wale 400 walikula vizuri, Mikaya alikula mukate wa taabu. Ukitaka kujua nabii, wakati mwingine angalia sahani yake.

Wazee wetu wa imani walijua mukate ule. Simon Kimbangu alihukumiwa mwaka 1921, akafa katika kifungo hapa Elisabethville tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951, nyuma ya miaka 30, bila kuona Uhuru wala sanduku la kura. Hakukuwa na mugombea aliyemuletea unga.

Samweli alimupaka Sauli mafuta, ni kweli, na kwa neno la Mungu. Lakini hakupokea kitu. Katika sura ya 12 alisimama mbele ya watu wote, na mufalme mwenyewe akisikiliza, akauliza: nimechukua ngombe ya nani? Punda wa nani? Nimepokea rushwa mukononi mwa nani? Wakamushuhudia kwamba hakuchukua kitu. Na watu wale wale waliokuwa wamemuondoa kazini, akawaambia ingekuwa zambi kwake kuacha kuwaombea. Ndiyo kazi iliyobaki kwa nabii nyuma ya uchaguzi: kuombea watu, na kumuambia mufalme neno analokosa.

Basi wazee wa kanisa wamepatana hivi, na wachungaji wa parokia zote wayasome mbele ya waamini kwa Jumapili mbili.

Wakati wa propaganda, hapana jina la mugombea litakalotajwa katika unabii, katika ndoto, wala katika ushuhuda mbele ya kanisa. Mutu akiwa na mzigo moyoni, auweke mbele ya wazee katika chumba cha maombi, na ubaki pale. Vitu vya wagombea visiingie katika hekalu. Kama mugombea ni muamini wetu, atoe sadaka yake katika sanduku kama mama muuza mboga, bila kutangazwa. Vitenge na fulana za vyama viachwe nyumbani siku ya ibada. Mbele ya Bwana tunavaa nyeupe.

Mashahidi wa kura waliotoka kwetu, kila mumoja kwa chama chake, waombewe pamoja siku moja mbele ya kura, wakisimama bega kwa bega. Katika biro ya kura, waandike kilichohesabiwa. Asiyejua kusoma asiogope kuuliza; ni haki yake.

Maombi ya kufunga ni siku tatu: siku ya kura, na siku mbili zinazofuata. Tumezoea kufunga mbele ya kura, tunahamisha siku. Usiku wa matokeo milango ya hekalu ibaki wazi mpaka asubuhi, na taa iwake, kusudi mutu yeyote anayefukuzwa, wa kabila lolote na wa chama chochote, apate pahali pa kuingia. Wababa wa ulinzi walale pale. Wamama wa huduma waweke maji na unga wa uji.

Na Jumapili ya kwanza nyuma ya matokeo, mbele ya kusoma jina la aliyeshinda katika maombi, yasomwe kwanza majina ya wote walioshindwa, mumoja mumoja, hata kama ni 33, na kanisa lote liitike Amina kwa kila jina.